Mkuyu wa Kilima cha Chokaa

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Mama husema ulimi wangu ni kama chokaa iliyotoka tanuruni: udondoshee tone moja la maji, uone unavyochemka. Watu hunionyesha picha za theluji ya Rwenzori kwenye simu zao, nami huwauliza simu hiyo wameinunua wapi. Lakini kuna mti mmoja ulionifunga mdomo, tena zaidi ya mara moja, na karibu kila mara nilikuwa nimefika pale nikiwa nimenuna.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa ameacha kazi yake katika kiwanda cha saruji, mahali tulipokuwa na nyumba nzuri ya matofali, bomba la maji uani, na majirani kutoka kila pembe ya Uganda na Kenya. Yeye mwenyewe alitoka upande wa Kenya, akamwoa mama, Mukonzo wa Kyarumba, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumbani kwetu tulikula, tukasali na kugombana kwa Kiswahili. Sasa baba alitaka kujitegemea. Akatuhamishia Muhokya, kwenye joto la tambarare, ili achome chokaa yake mwenyewe. Nilishuka kwenye lori na godoro kichwani, nikatupa macho huku na huku nitafute cha kulalamikia, na hapo nikauona.

Kulikuwa na kilima cheupe kilichochimbwa ubavu mmoja, na juu yake, ukingoni kabisa, palisimama mti mwekundu. Hayakuwa maua. Yalikuwa majani, kila jani jekundu la shaba, mti mzima, na chini yake hapakuwa na udongo hata wa kujaza kiganja. Mizizi yake ilikuwa imemwagika juu ya jabali, nayo ilikuwa myeupe kama jabali lenyewe, hata hujui jiwe linaishia wapi na mzizi unaanzia wapi. Nilitua godoro nikasimama. Mama aliniuliza kama nimeumwa na nge.

Baadaye niliujua vizuri. Ni wa jamaa ya mikuyu, lakini si ule mkuyu mnene wa kando ya mto. Huu haubembelezi mto. Hupenda mawe, na zaidi ya mawe yote hupenda mawe ya chokaa. Ndege hula tunda lake dogo, akaenda kunya juu ya jabali jingine, na mbegu isiyofikia hata chembe ya ulezi ikaingia katika ufa, ikashuka na ufa huo mpaka ikapata unyevu ambao hakuna mtu anayejua uko wapi. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani yote, halafu mapya hutoka mekundu, yakakaa hivyo wiki moja au mbili kabla ya kugeuka kijani. Sisi tulifika ndani ya siku hizo chache. Tungechelewa kidogo, ningeona mti kama mti mwingine na ningeendelea kununa.

Kilima kilikuwa cha mjane mmoja ambaye kila mtu alimwita Mukaka, yaani bibi kwa Kikonzo. Alikuwa mfupi, mkali, na Kiswahili chake alikiokota sokoni.

"Mawe utachukua," alimwambia baba. "Chini, upande, yote utachukua. Muti, hapana. Ile muti, babu ya bwana yangu ilikuta hapo. Shamba ya hii familia yote tunapimia hapo."

"Mama, mimi nataka mawe tu," baba akamjibu. "Mti nitafanyia nini?"

"Mimi nimesema."

Baba alicheka, wakapeana mikono. Nadhani hakuna kati yao aliyefikiria jambo lililokuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye macho, kwamba mti ule na mawe yale havikuwa vitu viwili.

Kazi ya chokaa ni hii: unavunja mawe, unayapanga tanuruni pamoja na kuni, tabaka kwa tabaka, unawasha, na moto unakaa siku kadhaa. Jiwe likishaiva hubaki na sura yake ile ile, lakini limekuwa jepesi. Ukilimwagia maji linalia, linafuka moshi, linapasuka na kuwa unga. Sisi tulijifunza jambo hili jikoni. Mama alizoea mawe ya mlimani kwao Kyarumba, meusi, yasiyojua moto ni nini. Alipofika Muhokya alichagua mawe matatu meupe, mazuri, yanayolingana, akayafanya mafiga. Akapikia wiki nyingi. Siku moja, chungu cha maharage kikafurika na kumwaga maji, na figa moja likaanza kutoa sauti, likapasuka, likaporomoka na kuwa uji mweupe unaochemka wenyewe. Mafiga mawili hayainjiki chungu. Maharage yote yalikwenda chini, na majivu, na chokaa.

Mtaa mzima ulikuja kumtazama mke wa mchoma chokaa aliyefungua tanuru yake jikoni. Mukaka alisema ameona watu wakipika mawe kuwadanganya watoto wenye njaa, lakini hajapata kuona mawe yakiiva kabla ya maharage. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mama alisimama na mwiko mkononi, akingoja neno moja tu, pole, na neno hilo halikuja. Baba hakuwa nalo. Badala yake alipotea mchana kutwa, akarudi jioni akisukuma baiskeli yenye gunia, na ndani ya gunia mlikuwa na mawe matatu meusi ya mtoni. Ndivyo alivyosema pole maisha yake yote, kwa mgongo na mikono, kamwe si kwa mdomo. Mama aliyapokea mawe yake, lakini bado nakumbuka alivyougeuza uso.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na baba aliinama. Jiwe jeupe kupita yote lilikuwa chini kabisa ya mkuyu. Mwaka wa pili alikuwa ameingia ndani ya kilima mpaka mahali alipokuwa akichimba pakawa kama chumba, na mkuyu ukawa juu ya paa lake. Huko ndani alikutana na mizizi. Myembamba aliikata kwa panga, ikatoka utomvu mweupe ukamganda vidoleni. Kisha akakutana na mmoja mnene kama paja la mtu mzima, umeshuka wima kutoka juu, umekumbatia lile jiwe lenyewe alilolitaka.

Alipanda kwa Mukaka kuomba ruhusa. Mukaka alikataa kabla baba hajakaa.

"Mti uko na mizizi mia," baba alituambia tukila. "Moja itaua?"

Niseme kweli, nilimuunga mkono. Niliona bibi anatunyima jiwe zuri kwa ajili ya kuni. Nilisema hivyo kwa sauti, mama akaniambia ninyamaze, sikunyamaza.

Kesho yake, mchana, baada ya mvua ya asubuhi, nilimpelekea baba chakula. Nilikuwa nimebakiza hatua kama hamsini hivi niliposikia kilima kikiguna. Sina neno jingine. Kiliguna, kisha ubavu wote wa mbele ukashuka, na vumbi jeupe likapanda likafunika jua. Niliangusha sufuria. Wanaume wawili waliokuwa kwenye tanuru walikuja mbio, tukasimama mbele ya lile vumbi tukiita, hakuna anayejibu. Nilijua baba yangu amekufa. Nilianza hata kufikiria nitamwambia mama kwa maneno gani, mimi niliyekuwa na maneno mengi jana yake.

Halafu tukasikia mtu anakohoa.

Vumbi lilipotua niliona. Bamba la jiwe, kubwa kuliko jiko letu, lilikuwa limeachana na kilima, lakini halikufika chini. Lilikuwa linaning'inia. Mizizi ya mkuyu ilikuwa imelishika huku na huku, imekazana mpaka mingine ilikuwa imechubuka na kuvuja maziwa, na ule mnene ulikuwa katikati, umebeba kila kitu. Chini ya bamba palibaki nafasi ndogo ya mtu kuchuchumaa, na kutoka humo alitambaa baba, mweupe kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, macho tu ndiyo meusi. Hakuwa na jeraha. Juu yake mti ulikuwa umesimama vile vile, hata majani yake hayakuwa yakitikisika, na mimi niliogopa kuutazama kama mtu anavyoogopa kumtazama mtu mkubwa aliyemtukana.

Mukaka alishuka na fimbo yake. Aliutazama mti kwanza. Aliinama, akachungulia chini ya bamba kwa muda mrefu, kisha ndipo akamtazama baba.

"Mimi nilikataza juu ya muti," alisema. "Sikukataza juu yako."

Baba alianza kujikung'uta chokaa.

Kesho yake alichukua gunia la chokaa yake iliyo safi kuliko zote, akaenda akaipaka nyumba ya Mukaka mwenyewe, nje na ndani. Mukaka alizunguka nyumba akiikagua. "Nyumba imependeza," akasema. "Neno iko wapi?" Tangu siku hiyo, kila walipokutana njiani, kanisani, sokoni, alimwuliza hivyo hivyo: neno iko wapi? Sote tulidhani anadai asante. Mama alimsukuma baba mbavuni, sema basi asante, mwanamume gani wewe. Baba alitazama chini akapita.

Alichofanya ni hiki. Aliacha upande ule wote. Kisha, mwezi mzima, mchoma chokaa yule alirudisha mawe. Alibeba jiwe moja moja kwa mikono yake, mawe ambayo angeweza kuyachoma na kuyauza, akayapanga chini ya bamba mpaka akajenga ukuta wa kuliegemeza ili mti usibebe peke yake. Wachoma chokaa wenzake waliacha kazi kuja kumcheka. Na kila mkuyu ulipogeuka mwekundu, alichukua siku moja ya mapumziko, akakaa chini yake na kofia mkononi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba alivunjika mahali pengine, ndani, lakini hilo sikulijua wakati ule.

Miaka imepita. Mukaka alizikwa, na baba alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Mimi niliolewa Bwera, nauza vitenge karibu na mpaka, na wazazi wangu tunaishi nao hapa. Macho ya baba yameingia ukungu. Chokaa ya miaka ile imemwachia mwanga na kivuli, basi. Mwaka jana mjukuu wa Mukaka alimpigia simu. Kilima kimeuzwa, alisema, wanunuzi watakuja na mashine baada ya Pasaka, na familia imeona vyema mzee ajue.

Baba alikata simu, akaniambia, "Nipeleke."

"Wapi?"

"Nataka tawi."

Nilimwambia nina duka, nina watoto, ana kifua kibovu na macho hana. Nilisema mengi. Juma lililofuata tulikuwa Muhokya.

Mikuyu, Wakonzo huipanda kwa tawi: unakata lililo nene kama mkono, unaliweka kivulini mpaka utomvu ukauke, kisha unalizika wima kama nguzo. Mjukuu alipanda akatukatia manne. Nilidhani tumemaliza, lakini baba alikuwa ameshika ukuta wake wa mawe, anaupapasa.

"Ingia pale chini," aliniambia. "Kule ndani kuna ile mzizi kubwa. Shika nyuma yake, upande ya ndani."

Nina miaka zaidi ya arobaini na mwili wa mama wa watoto wanne. Niliingia kwenye upenyo kando ya ukuta nikilalamika, kwa tumbo, nguo zangu zikawa nyeupe. Bamba lilikuwa juu yangu, limeshikwa vile vile. Nilifikisha mkono nyuma ya mzizi, na vidole vyangu vikaingia katika shimo.

"Iko na kovu?" baba aliuliza kutoka nje.

Lilikuwa kovu pana, limeingia ndani mpaka kiganja changu chote kilizama. Kingo zake zilikuwa zimefura na kujikunja, gome limejaribu miaka yote kujifunga na halijamaliza. Kingo za chini zilikuwa zimenyooka. Ni shoka tu linalokata hivyo.

"Iko," nilisema.

"Ile siku nilikuwa nimefika nusu," alisema baba. "Nilisimama kupumua. Ndiyo kilima ikashuka."

Nilibaki pale chini, mkono ndani ya kovu, nikalia. Nusu. Nusu ya mzizi ndiyo iliyolishika jiwe lile, na juu ya kichwa cha nani, juu ya kichwa cha mtu mwenye shoka. Nikamkumbuka Mukaka alivyoinama na kuchungulia. Alikuwa ameona. Aliona na hakumwambia mtu yeyote, alingoja tu neno lake mpaka akaenda kaburini bila hilo neno, na halikuwa asante.

Tulirudi Bwera na matawi manne. Nilichimba mashimo mawili nyuma ya nyumba, kwenye udongo wetu mweusi ambao hata fimbo ya kutembelea ikichomekwa huchipua. Matawi yote mawili yalioza. La tatu nilipanda karibu na ukuta, nikalimwagilia maji kila jioni, likaoza pia. Baba alikuwa akienda kupapasa kila asubuhi. Kisha alianza kuacha chakula.

Mama ndiye aliyefungua kinywa. "Nyinyi mnalilisha kama mgomba," alisema. "Ile mti ilikuwa inakula nini kule? Nenda lete mawe." Alilifunga tawi la mwisho katika gunia lenye unyevu, akaliweka kivulini, akanisindikiza mpaka barabarani nisije nikabadili nia.

Nilipofika Muhokya mashine ilikuwa imeshaanza. Mkuyu ulikuwa umelala chali, mizizi hewani, na kila mzizi bado umeshika kipande chake cha jiwe. Hata ulipoanguka haukuachia. Niliomba nafasi, dereva wa mashine akanionea huruma akazima injini, nikajaza gunia kwa mawe yaliyokuwa mikononi mwa mti wenyewe. Ilibidi niyang'oe kwa nguvu.

Mama aliyavunja kwa nyundo, yeye mwenyewe, akajaza shimo mawe matupu na kokoto na unga wake, udongo kidogo tu kama chumvi. Jirani yetu, mama aliyetoka Kasindi, upande wa pili wa mpaka, alisimama kwenye ua.

"Mama, uko napanda majiwe?"

"Ndiyo."

"Majiwe inazaaka?"

"Mimi yalinipikia maharage," mama akasema, akaendelea kugonga.

Tawi lilikaa miezi bila dalili. Lilikuwa fimbo iliyosimama katika mawe. Wanangu walianika soksi juu yake mpaka nikawapigia kelele. Baba kila asubuhi alikwenda, akalishika kuanzia juu hadi chini, akarudi kukaa. "Iko?" mama alimwuliza. "Iko tu," alijibu. Mimi nilishakata tamaa, nilikuwa natafuta tu namna ya kumwambia.

Asubuhi moja ya juma lililopita nilitoka kumwaga maji ya vyombo. Kwenye ncha ya ile fimbo palikuwa na jani. Moja, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, bado halijafunguka vizuri. Niliangusha beseni. Nikaenda nikamshika baba mkono nikamleta, nikakifikisha kidole chake pale.

Alilishika polepole sana.

"Rangi gani?" aliuliza.

"Nyekundu, baba."

Mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Baba alivua kofia. Alishuka kwa magoti juu ya yale mawe, kwa shida, akikataa mkono wangu, mpaka uso wake ukawa karibu na jani.

"Pole," alisema. "Pole sana."

Kisha akageuza uso upande aliposikia hatua za mama, akamwambia na yeye.